Meseji Kumi na Tisa

Mwezi wa pili nilikuwa nyumbani Songea, mtaa wa Bombambili, natafuta sindano ya kushonea kifungo. Mama akaniambia niangalie kwenye kopo la Blue Band juu ya kabati. Sindano haikuwepo. Kulikuwa na vifungo, risiti za ada za mwaka 2004, rozari iliyokatika, na kitochi. Simu ndogo nyeusi, namba 5 imefutika kwa kubonyezwa, mfuniko wa nyuma umebanwa kwa mpira.

"Hiyo usiitupe," Mama alisema kutoka jikoni, hata sijauliza. "Humo yumo baba yako."

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi wilayani Tunduru. Sisi tulikaa Songea kwa sababu ya shule na kwa sababu ya kazi ya Mama. Leo mtu anatoka Songea asubuhi na kula chakula cha mchana Tunduru, lami mwanzo mwisho. Wakati ule barabara ilikuwa ya vumbi kiangazi na ya uji masika. Gari likikwama, limekwama; abiria wanalala hapo na kuku wao. Baba alikuja nyumbani likizo, na pengine mwisho wa mwezi akifuata mshahara. Katikati ya hapo alikuwa mtu wa maandishi.

Kwanza barua. Alimpa kondakta wa basi, au mwalimu mwenzake anayekuja mjini, bahasha imekunjwa mara nne. Habari za haraka zilikuwa na njia nyingine. Watu wa umri wangu wanakumbuka Radio Tanzania Dar es Salaam ikisoma matangazo ya vifo, nyumba nzima inanyamaza, kila mtu anaomba isitajwe anwani anayoijua. Simu ya mezani ilikuwepo mjini, lakini ilikuwa kitu cha ofisini na cha wenye nafasi. Kompyuta ndiyo kabisa. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na marufuku ile ilikuja kulegezwa taratibu miaka mingi baadaye. Mimi kompyuta niliiona kwa mara ya kwanza kwenye stashenari moja pale mjini, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya harusi.

Kampuni ya kwanza ya simu za mkononi Tanzania, Mobitel, ilianza mwaka 1994. Vodacom ikaja mwaka 2000, Celtel mwaka 2001. Zilianzia Dar es Salaam, na sisi tuko karibu kilomita 1000 kutoka huko. Kwa hiyo Songea haikupitia zile simu kubwa kama tofali zenye antena za kuvuta, ambazo watu wa Dar wanazisimulia kwa majivuno. Watu wengi wa kwetu simu yao ya kwanza ilikuwa kitochi.

Jina hilo lina historia yake. Mwaka 2003 Nokia walitoa simu aina ya 1100, rahisi, isiyoogopa vumbi, yenye taa ndogo kichwani. Iliuzwa zaidi ya nakala milioni 250 duniani, na ni vigumu kutaja kifaa kingine cha elektroniki kilichouzwa kuliko hicho. Kwetu watu hawakuipa jina kwa sababu inapiga simu, maana simu zote zinapiga. Waliipa jina kwa sababu ya tochi. Mji wenyewe ulikuwa unategemea majenereta ya dizeli, umeme unakuja kwa zamu na wakati mwingine zamu yenyewe inasahaulika. Simu inayomulika njia ya chooni usiku ilikuwa imeshalipa nusu ya bei yake. Baadaye yakaja majina mengine, kiswaswadu, simu ya batani, na zilipokuja hizi za kioo zikaitwa za kupangusa. Kamati hazikukaa kuyatunga majina haya na bado yamekaa mdomoni vizuri kuliko mengi yaliyotungwa na kamati. Ingawa moja la wataalamu nalipenda: kompyuta mpakato. Kupakata ni kumweka mtoto mapajani. Anayeandika usiku akiwa amekaa kitandani anaelewa.

Kijijini kwa Baba mtandao haukufika shuleni. Ulifika kwenye kichuguu kimoja nyuma ya shamba la korosho, na jioni walimu walipanda pale kwa zamu kama wanaokwenda kuungama. Kupiga kulikuwa ghali, kwa hiyo wali-bip au waliandika. Kuchaji kulikuwa dukani kwa mtu mwenye sola, simu zimepangwa mezani, kila moja ina kipande cha plasta chenye jina la mwenyewe. Baba alichaji mara moja kwa wiki. Meseji zake kwa Mama zilipita hewani juu ya magari yaliyokwama.

Ukomo wa meseji moja ni herufi 160. Kiwango hicho kilipendekezwa mwaka 1985 na mhandisi Mjerumani, Friedhelm Hillebrand, baada ya kuchapa sentensi za kawaida na kuhesabu. (Wajerumani na Songea, tena. Sikupanga.) Kwa Kiswahili herufi 160 ni nafasi ya ajabu kidogo. Nilihesabu: ubeti wa shairi wenye mishororo minne ya mizani 16 una mizani 64, na ukijumlisha herufi zake na nafasi kati ya maneno, mara nyingi unamwagika kidogo tu nje ya meseji moja. Ubeti mmoja, meseji mbili, hela mara mbili. Ndiyo maana kizazi changu kikaanza kukata: cjui, 2taonana, xaxa, mambo vp. Walimu wetu walisema tunaua lugha. Leo nikitazama naona wanafunzi waliogundua kwamba tarakimu 2 kwa Kiingereza inatamkwa "tu", kisha wakaiweka mahali pa kiambishi cha nafsi ya kwanza wingi. Huyo mtu hajaua kitu. Ameelewa sarufi, ila hana salio.

Kitochi kilikuwa na ukomo mwingine ambao watu wanausahau. Kilibeba meseji chache tu. Zikijaa, bahasha ndogo inaanza kumetameta kwenye kioo, na meseji mpya haiingii mpaka ufute ya zamani. Kwa hiyo kila mwenye simu alikuwa mtunza nyaraka bila kujua, kila wiki anaamua kipi kibaki. Mama alifuta za kampuni ya simu, kisha za wadogo zake, kisha zangu. Zangu alizifuta zote, na amekiri bila aibu. "Wewe ulikuwa unaomba hela tu."

Baba alifariki mwaka 2010.

Mama aliendelea na ile simu mpaka mwaka 2016. Usiku wa tarehe 16 Juni mwaka ule, Mamlaka ya Mawasiliano ilizima simu bandia nchi nzima. Wiki za kabla ya hapo kila mtu alikuwa anabonyeza *#06# na kusoma zile namba 15 kama anasoma majibu ya hospitali. Ya Mama ilikutwa bandia. Imeandikwa Nokia, ina tochi, ina kila kitu cha Nokia isipokuwa ukweli. Asubuhi ya tarehe 17 haikuwa na mtandao tena. Ndugu yangu akamnunulia nyingine. Mama aliitoa laini, akaifunga simu kwa ule mpira, akaiweka kwenye kopo. Watu wengi walitupa au waliuza vipuri. Yeye alijua kwamba simu iliyokatiwa mtandao haijakatiwa kumbukumbu, jambo ambalo mimi mwenye shahada sikuwa nimelifikiria.

Niseme kilichonileta Songea mwezi wa pili. Nilikuja kuandika habari za kumbukumbu ya Vita vya Majimaji. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa wa Kingoni hapa, na Nduna Songea Mbano, ambaye mji umebeba jina lake, alinyongwa baada yao. Fuvu lake linatafutwa mpaka leo. Kila mwaka watu hukusanyika kwenye makumbusho pale Mahenge, na kila mwaka nawaza jambo lilelile. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kusini na kwingineko kuwahoji wazee waliokumbuka vita. Waliandika kwa mkono, wakachapa kwa taipu. Mwaka uliofuata kikatoka kitabu cha O. B. Mapunda na G. P. Mpangara kuhusu vita hivyo hapa Ungoni. Karatasi zile zinasomeka. Maneno ya mzee aliyekuwa mtoto mwaka 1905 unaweza kuyasoma leo.

Nami nilifanya kazi ya namna hiyo. Mwaka 2009, nikiwa chuo, nilinunua kompyuta mpakato iliyotumika, Kariakoo, kwa hela ya bumu. Likizo nikaja nayo Songea, nikamhoji mzee mmoja kwa siku tatu. Alisimulia yale aliyosikia kwa bibi yake kuhusu njaa iliyofuata vita, majani gani yalichemshwa, nani aliwaficha watoto. Sauti niliihifadhi kwenye kompyuta na kwenye flashi. Flashi niliichomeka kwenye mashine ya stashenari kuchapisha kazi ya darasani, ikarudi na virusi. Nilipoirudisha kwenye kompyuta, nayo ikaondoka. Fundi alisema diski imekufa. Mzee naye alikuwa amekufa wakati huo. Daftari sikuwa nalo, kwa sababu niliona daftari ni mambo ya 1968.

Tangu hapo nimebadilisha simu mara tano. Kila moja ilikuwa na nguvu kuliko ile kompyuta yangu ya Kariakoo. Nimeandika habari nzima kwenye basi kati ya Njombe na Makambako kwa kidole gumba, nikazituma kabla hatujafika stendi. Mwaka 2018 Songea iliunganishwa na gridi ya taifa, majenereta yakanyamaza, na ghafla kila kibanda kikawa na soketi. Sensa ya mwaka 2022 makarani walipita mtaani kwetu na vishikwambi. Mama alihesabiwa kwa kupanguswa. Sidai kwamba zamani kulikuwa bora. Anayetamani zamani aende akalale na gari lililokwama. Lakini katika simu zangu tano sina meseji hata moja ya kabla ya 2019. Ya kwanza iliibiwa, ya pili iliingia maji, nyingine nilisahau nywila. Mwanamke mwenye simu bandia ya batani ametunza maandishi kuliko mimi ninayelipwa kwa kuandika.

Wapenzi wa vitabu wanakijua kitabu cha barua za Shaaban Robert, 1931 mpaka 1958, kilichohaririwa na Profesa Mulokozi. Tunacho kwa sababu Yusuf Ulenge, mdogo wake, hakuzitupa barua alizoandikiwa. Siku nikikisoma tena nitamfikiria zaidi Ulenge.

Nilipeleka kitochi kwa fundi karibu na soko kuu. Kijana, hajafika ishirini na tano.

"Dada, betri imevimba hii. Ungechaji ingekulipukia."

"Na simu yenyewe?"

"Hizi hazifi. Ngoja nikutafutie BL-5C."

Aliipata kwenye boksi la viatu lililojaa betri. Simu ikawaka. Saa yake ilikuwa imerudi mwanzo, tarehe moja mwezi wa kwanza, lakini meseji zilikuwa na tarehe zake za kweli, zilizotoka kwenye mtandao siku zilipotumwa. Zilikuwa 19. Ya kwanza ya Machi 2006, ya mwisho ya Agosti 2010. Baba hakukata neno hata moja. Mwalimu yule alilipia nukta, alilipia koma, na mwishoni mwa meseji aliandika "Ndimi mumeo", herufi 11 pamoja na nafasi, wakati wenzake wote walikuwa wanabana.

Majibu ya Mama hayamo. Kwa hiyo ni nusu ya mazungumzo, na Mama anaikumbuka nusu ya pili kwa namna yake, ambayo nashuku imeboreshwa.

Nilinunua kauntabuku. Jioni tulikaa mezani, mimi nasoma kwenye kile kioo kidogo, Mama anaandika, kwa sababu mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Kila meseji aliiandikia tarehe pembeni, na chini yake aliandika alichojibu. Ya Machi 2006 inasema mvua kubwa, gari limelala Namtumbo, mchele upo kwa kondakta mwenye kofia nyekundu, nusu yake apelekewe mama mkubwa.

"Ulimpelekea?" nikauliza.

Mama akaendelea kuandika. "Robo," alisema.