Vidole vya Fundi wa Mirongo

Ukipita kando ya Mto Mirongo hapa Mwanza, hutakosa kumwona fundi ameinama juu ya injini. Anachomoa kijiti cha oili, anachukua tone moja, analisugua taratibu kati ya vidole viwili. Halafu anatoa hukumu: "Hii bado nzito," au "Hii imekuwa maji, mwaga." Usimcheke. Kazi hiyo ya vidole ina historia ndefu.

Baba yangu mdogo alicheka. Alikuwa na pikapu ya kubebea sato kutoka Mwaloni, Kirumba. Siku moja akanunua kopo la oili kwenye kibanda fulani, lebo yake nzuri ajabu. Fundi mmoja mzee akaipima kwa vidole. "Mwanangu, oili hii imeshatumika. Usiiweke." Baba mdogo akajibu, "Mzee, wewe soma vidole, mimi nasoma lebo." Basi bwana, injini ilinoki kabla hatujafika Misungwi! Sato waliozea barabarani, na ile pikapu haikurudi kazini tena.

Alichokipima yule mzee, wasomi hukiita mnato, yaani ubishi wa kimiminika pale tabaka lake moja linapoteleza juu ya jingine. Uji unashinda chai kwa mnato, na asali inaushinda uji. Oili ikiishiwa mnato, utando wake hukatika, na chuma kinasaga chuma.

Katika miaka ya 1840, daktari Mfaransa aitwaye Poiseuille alichapisha majaribio yake ya kupitisha maji katika mirija myembamba mno ya kioo. Alitaka kuelewa jinsi damu inavyopita mishipani. Baada yake, kupima mnato mara nyingi kulikuwa ni kuhesabu muda: kimiminika kinachukua dakika ngapi kupita tunduni?

Kisha likaja jiwe. Mwaka 1880, ndugu wawili wa Paris, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba kwatsi ikiminywa hutoa umeme. Mwaka uliofuata wakathibitisha kinyume chake: ikipewa umeme, hubadilika umbo. Ndiyo hiyo hiyo inayoandikwa "Quartz" kwenye saa za mkononi. Mwaka 1959 Mjerumani Sauerbrey akaonyesha kwamba kipande cha kwatsi kinachotetema, kikibebeshwa hata mzigo mdogo sana, mtetemo wake hupungua. Jiwe likawa mizani.

Wengi walidhani mizani hiyo ikitiwa kwenye kimiminika itanyamaza. Haikunyamaza. Mwaka 1985, Kanazawa na Gordon, wakiwa California, walitoa kanuni yake: mtetemo hushuka kwa kufuata kipeuo cha pili cha densiti mara mnato. Kipande kinachotetema mara milioni 5 kwa sekunde, upande wake mmoja ukiguswa na maji, hupoteza mitetemo kama 700. Kikiguswa na kitu kizito zaidi, hupoteza zaidi.

Sasa nisikilize vizuri. Kipande hicho hakidundi juu na chini. Kinasugua, kinakwenda na kurudi ubavuni mwa kimiminika, kikisikiliza jinsi kinavyovutwa. Ni kazi ile ile ya vidole vya mzee wa Mirongo! Tofauti ni kwamba jiwe linatoa namba, na namba huandikwa.

Hapo ndipo moyo unaponiuma. Majabali tunayokalia jioni hapa Mwanza yana punje za kwatsi ndani yake, ingawa ile ya vipimo siku hizi hukuzwa kiwandani. Jiwe tunalo, na vidole tunavyo. Lakini hukumu ya mzee haikuandikwa popote, ndiyo maana lebo ya uongo iliishinda. Akina Curie tunawakumbuka kwa sababu waliandika.

Wewe kijana unayetafuta kisa cha kuandika, kabla hujakimbilia mapenzi ya sinema, chukua daftari ushuke gereji. Muulize mzee vidole vyake vimejua nini, na tangu lini. Andika kabla hajaondoka navyo.