Montreal: Michezo ya Siku 16, Deni la Miaka 30

Mwaka 1973 meya wa Montreal, Jean Drapeau, aliwatuliza walipa kodi wa mji wake kwa kauli ambayo Wakanada hawajaisahau: Olimpiki, alisema, haiwezi kuleta hasara, kama vile mwanamume asivyoweza kushika mimba. Gharama zilipoanza kupaa, mchoraji katuni Aislin alimchora meya huyo akiwa na tumbo kubwa, simu mkononi, akimtafuta daktari.

Drapeau hakupenda mambo madogo. Mji wake uliandaa maonyesho makubwa ya dunia mwaka 1967, na Mei 1970 ukazibwaga Moscow na Los Angeles katika kuwania Olimpiki ya 1976. Kazi ya kuchora uwanja akamkabidhi Mfaransa Roger Taillibert, msanifu wa Parc des Princes ya Paris, bila kushindanisha wengine.

Taillibert alichora mbavu 34 za zege zinazopanda kutoka ardhini na kujipinda juu ya vichwa vya watazamaji, bila nguzo hata moja ya kumziba mtu macho. Ubavuni ungesimama mnara wa mita 165, ulioinama kwa nyuzi 45, na kutoka kileleni kamba 26 zingelivuta juu paa la kitambaa na kulikunja kama mwavuli. Kwa macho yangu, ni viwanja vichache vya karne ile vinavyoufikia kwa uzuri. Lakini mchoro huo uliwatesa mafundi. Vipande vya zege vilifinyangwa kwingine, vikaletwa na kuunganishwa kimoja kimoja, na kosa dogo tu lilitosha kuharibu mbavu nzima. Ikaongezeka baridi ya jimbo la Quebec, ikaongezeka migomo ya wafanyakazi. Mwishoni mwa 1975 serikali ya jimbo iliunyang'anya mji kazi hiyo. Malkia Elizabeth alipoifungua michezo Julai 17, 1976, mnara ulikuwa haujafika hata karibu na kilele, na paa halikuwepo.

Wengine ambao hawakuwepo ni Waafrika. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa ikizuru Afrika Kusini ya makaburu wiki chache tu baada ya watoto wa shule kupigwa risasi Soweto, na Kamati ya Olimpiki ilikataa kuifukuza New Zealand. Tanzania ikasusa, Kenya ikasusa, na nchi nyingine nyingi za bara zikafuata. Kwa hiyo zege lote lile halikushuhudia mbio zilizosubiriwa kuliko zote: Mtanzania Filbert Bayi dhidi ya John Walker wa New Zealand. Mwaka 1974 mjini Christchurch, Bayi alikuwa ametangulia mwanzo mwisho na kuvunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kwa dakika 3:32.16, Walker akimfuata unyounyo. Montreal, Walker alitwaa dhahabu kwa 3:39.17, mwendo wa kuviziana ambao Bayi asingeuruhusu.

Paa lilifika mwaka 1987, miaka 11 baada ya wageni kuondoka. Lilikuwa la Kevlar, kitambaa kigumu kinachotumika hata kwenye fulana za kuzuia risasi, lakini upepo wa Montreal ulilichana mara kwa mara. Ikaamuliwa libaki limefungwa, yaani mnara mrefu uliojengwa ili ulifungue ukawa hauna kazi. Septemba 1991 boriti ya zege ya tani 55 iliporomoka. Bahati hakuumia mtu, ila timu ya besiboli ya Expos, iliyocheza humo, ililazimika kumalizia msimu ugenini. Paa la pili, lisilofunguka, liliwekwa mwaka 1998. Januari iliyofuata theluji ikalitoboa na kuwaangukia wafanyakazi waliokuwa wakiandaa maonyesho ya magari. Baadaye theluji ilipozidi sentimita tatu juu ya paa hilo, hakukuwa na shughuli ndani, katika mji ambao theluji ni jambo la kila mwaka. Expos wenyewe walihamia Washington baada ya msimu wa 2004.

Deni lilikwisha 2006. Sehemu kubwa ililipwa na wavutaji sigara wa Quebec, kwa kodi maalumu iliyoanzishwa 1976. Kuna vijana walionunua pakiti zao za kwanza na kuchangia uwanja uliojengwa kabla hawajazaliwa.

Cha ajabu, vilivyofaulu ni vile ambavyo hakuna aliyevipigia makelele. Ukumbi wa mbio za baiskeli uligeuzwa mwaka 1992 kuwa Biodôme, ambako wenyeji huwapeleka watoto kutazama pengwini na msitu wa tropiki. Mabwawa chini ya mnara yaliendelea kuogelewa baada ya michezo. Mnara nao, uliokaa karibu mtupu kwa miongo mitatu, ulipata wapangaji mwaka 2018: zaidi ya wafanyakazi elfu moja wa taasisi ya fedha ya Desjardins. Na mwaka 2017 uwanja ulipokea watu ambao Taillibert hakuwawazia, waomba hifadhi waliovuka mpaka kutoka Marekani, wengi wao Wahaiti, wakalala kwenye vitanda vya kukunja.

Februari 2024 serikali ya Quebec ilitangaza dola milioni 870 za Kanada kwa paa la tatu, ikisema kuubomoa uwanja kungegharimu zaidi ya hapo. Safari hii paa ni gumu, lenye ukanda wa kioo pembeni wa kuingiza mwanga, na halitafunguka.