Watu wa Namawala ndani ya kompyuta za wazungu

Leo naleta historia ya kompyuta, ila inaanzia kijijini Namawala, bonde la Kilombero, huko Ifakara.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walitundika mitego ya taa ndani ya nyumba za watu pale Namawala, pembeni ya vitanda vyenye chandarua, asubuhi wakawa wanahesabu mbu. Ikaonekana mtu mmoja anang'atwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Yaani karibu kila usiku jamani! Utafiti Ifakara ulikuwa na mizizi mirefu: Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, alifungua maabara pale mwaka 1957.

Baadaye zile namba zikaingia kwenye kompyuta. Timu ya Thomas Smith kule Basel ilitengeneza programu yenye watu wa bandia ndani yake. Haishughuliki na wastani, inamfuata mtu mmoja mmoja: huyu ana umri huu, kinga yake imefikia hapa, vimelea kwenye damu yake ni vingi kiasi hiki. Kila hatua ni siku 5. Wanaugua, wanatibiwa, wanazaliwa, wanakufa. Ukitaka kujua chanjo itasaidia kiasi gani, unawachanja hao kwanza.

Shida ni kwamba mambo mengi humo yanaamuliwa kwa bahati, kama kurusha shilingi, kwa hiyo kuendesha mara moja hakutoshi. Halafu kuna namba kibao ambazo hakuna anayezijua; unajaribu, unabadilisha, unajaribu tena mpaka kijiji cha bandia kifanane na cha kweli. Kompyuta moja ingezeeka hapo. Wakatumia BOINC, programu ya Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, walikotoka wale wa SETI@home waliokuwa wakitafuta viumbe wa anga za mbali tangu 1999. Unaipakua, unaacha mashine inawaka, unaenda kulala. Yenyewe inapokea kipande cha kazi, inakokotoa, inarudisha. Kipande kimoja kinaweza kupewa mashine mbili na majibu yakalinganishwa, maana mashine ya mtu usiyemjua utaiaminije?

Kwenye majaribio, watu 500 kwa miezi michache walimaliza kazi ambayo kompyuta moja ingeifanya kwa miaka 150. Julai 2006 mradi ukazinduliwa rasmi kwa jina la Africa@home, CERN na WHO wakiwemo, na kazi hii ya malaria ikaitwa malariacontrol.net.

Sasa hapo kwenye "Africa" ndipo naposimama. Kushiriki kulitaka umeme na intaneti. Nyaya za SEACOM zilifika Dar 2009. Kwetu Madaba gridi ya taifa ilikuja na ile njia ya Makambako hadi Songea, kilovolti 220, mwaka 2018, na kituo kimoja cha kupozea umeme kimejengwa hapo hapo Madaba. Kabla ya hapo hata Songea mjini walitegemea jenereta za dizeli. Na malariacontrol.net ilifungwa 2016. Hesabu mwenyewe.

Kingine: BOINC humpa mwenye mashine pointi, jina lake linapanda kwenye jedwali. Waliolala pembeni ya mitego kule Namawala hawakuwa kwenye jedwali lolote. Bila wao hao watu wa bandia wangeng'atwa mara ngapi? Ndiyo maana mtu akiniambia Afrika "ilisaidiwa" na kompyuta za Ulaya, mimi nabisha.

Kazi yenyewe haikupotea. Programu hiyo, OpenMalaria, ilikuwa kati ya nne zilizotumika kukadiria faida ya chanjo ya RTS,S, iliyojaribiwa pia Bagamoyo na Korogwe kwetu hapa, na WHO ikaipendekeza Oktoba 2021. Kodi yake iko wazi, yeyote anaipakua bure.

Maabara yetu ya kompyuta inafungwa saa mbili usiku, mashine zote zinalala hadi asubuhi. Anayefahamiana na mwenye ufunguo anishtue.