Kaye ya deni: nani alimsaidia nani sokoni Ngungu?



Katika mkutano wetu uliopita, mwenzetu mmoja alileta wazo: dada zetu wenye kazi, yaani walimu, manesi na wale wa mashirika, wachange pesa wasaidie mama wa biashara ndogondogo kule Ngungu, juu ya hali ya uchumi imekuwa ngumu sana. Wazo ni zuri na mimi nililiunga mkono. Lakini namna tulivyoliongelea ilinisumbua. Tuliongea kama vile mwenye diploma ndiye mwenye kutoa siku zote, na mama wa soko ni wa kupokea tu. Historia yetu haisemi hivyo. Acheni niandike ninachokijua, halafu mtanisahihisha.

Tunaotoka kule tunajua Ngungu iko wapi: kusini ya Masisi, karibu na mpaka wa Kalehe. Maharagi, viazi, maziwa na formaji vinashuka kuelekea Sake na Goma. Chumvi, sabuni, mafuta na bikwembe vinapanda. Katikati ya kushuka na kupanda yuko mama mwenye meza moja sokoni, ao butike ya mbao kando ya barabara. Yeye akikwama, mlima mzima unakula bila chumvi.

Tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yatapewa Wazaire. Wengi waliopewa hawakujua biashara. Mali iliuzwa, rafu zikabaki tupu, na hakuna aliyejaza tena. Huo ulikuwa mwanzo wa kushuka. Kilele kilikuja miaka ya 1990. Septemba 1991 askari walipora miji. Desemba 1992 serikali ilitoa noti ya zaire 5,000,000, na wafanyabiashara wakaikataa. Januari 1993 askari waliolipwa kwa noti hiyo wakapora tena. Oktoba 1993 ikaja zaire mpya, moja kwa 3,000,000 za zamani. Hata hiyo haikusaidia: mwaka 1994 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 9,000.

Kwetu kulikuwa na shida juu ya shida. Machi 1993 vita vilianzia Ntoto, huko Walikale, vikaingia Masisi. Watu walikimbia, ng'ombe wakachukuliwa, masoko yakafungwa. Mwaka uliofuata mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda wakaingia Goma.

Mama yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Ngungu wakati huo. Serikali ilikuwa imeacha kulipa walimu mshahara wa maana, na baada ya mgomo mrefu, shule zilifunguliwa kwa sababu wazazi walikubali kubeba walimu mgongoni kwa prime. Mzazi asiye na pesa alileta maharagi. Asiye na maharagi alisema "mwalimu, ungoje mavuno". Sasa mwalimu na watoto watano atangoja mavuno akila nini?

Alikula deni. Kulikuwa na mama mmoja mwenye butike karibu na soko. Hakumaliza hata mwaka wa tatu wa shule. Alikuwa na kaye, na ndani ya ile kaye mama yangu alikuwa na ukurasa wake mwenyewe. Ila yule mama alikuwa na akili kuliko Benki Kuu: hakuandika deni kwa zaire, maana zaire ya leo ilikuwa karatasi kesho kutwa. Aliandika kwa murongo wa maharagi. Sabuni na chumvi, murongo moja. Bei ipande, ishuke, murongo ni murongo. Namna hiyo hakupoteza mtaji, na mwalimu hakudaiwa zaidi ya alichokula.

Basi niulize: mwaka 1993, nani alimsaidia nani? Mwanamke mwenye diploma ndiye aliyebebwa na mama wa butike. Na shule ya Ngungu ilibaki wazi sehemu moja kwa ajili ya ile kaye.

Lakini mama yangu hakukaa mikono mitupu. Jioni alikwenda kumpangia yule mama hesabu: nini kimeingia, nini kimetoka, nani anadaiwa. Alimwonyesha kwamba mafuta aliyodhani yanamletea faida yalikuwa yanakula mtaji. Aliandika barua zake za Goma na kusomesha binti yake bure. Na prime ilipofika, alipita kwanza pale kabla ya kwenda nyumbani. Walianzisha pia likelemba pamoja na walimu wengine, mzalishaji mmoja na wauzaji wa sokoni. Kila wiki kila mtu anatoa sawa, mmoja anabeba yote. Muuzaji akibeba, anashuka Goma kununua mali. Mwalimu akibeba, analipa deni butike, pesa inarudi palepale sokoni.

Kwa nini hawakwenda benki? Kwanza, benki ilikuwa Goma. Pili, kuna jambo ambalo vijana wetu wengi hawalijui. Kitabu cha sheria ya familia cha 1987 kilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mume kwa mikataba yake mingi. Mwalimu anayefundisha watoto wa watu wote hakuweza kujifunga kwa mkopo bila bwana kukubali. Sharti hilo liliondolewa na sheria ya Julai 2016 tu! Likelemba haikuomba karatasi wala sahihi ya mtu. Iliomba jina zuri.

Baadaye ikaja AVEC. Mfumo wake ulianzia Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, ukafika huku na mashirika. Kuna sanduku lenye kufuli tatu na wenye funguo watatu tofauti, kila mtu ananunua hisa anazoweza, anakopa kulingana na hisa zake, na mwisho wa mzunguko wanagawana. Angalieni nani ni katibu katika vikundi vingi: ni mwalimu ao nesi. Na nani anakopa na kurudisha na faida? Ni muuzaji. Mmoja analeta kalamu, mwingine analeta mzunguko. Bila mmoja wao sanduku ni mbao tu.

Sasa tuko hapa. Januari 2025 Minova, Sake, kisha Goma vilichukuliwa na M23, benki za Goma zikafunga milango. Mwenye mshahara aliuona kwenye simu lakini hakuweza kuushika. Noti zilikuwa chache, zilizobaki zimechakaa mpaka muuzaji anazigeuza mara mbili kabla ya kukubali, na kutoa pesa kwenye simu kulikatwa asilimia kubwa. Niliona dada wenye kazi wakifanya jambo rahisi: badala ya kutafuta noti, walimtumia mama wa butike pesa ya mwezi mzima kwenye simu yake, wakachukua chakula kidogokidogo. Naye akatumia pesa ileile kumlipa msambazaji wake. Ile kaye ya 1993 iligeuzwa chini juu: safari hii mwenye mshahara ndiye aliyekopesha.

Kwa hiyo napendekeza hivi kwa chama. Tusipeleke zawadi. Tununue, na tulipe mbele. Wale wanaojua hesabu wakae na wauzaji, wapange kaye pamoja nao. Na kabla ya hayo yote, kila mmoja wetu aangalie deni lake. Wengi tulikimbia vita tukiwa na ukurasa katika kaye ya mtu. Yeye pia alikimbia, akaacha mali, na hana ofisi ya kudai.

Nianze na mimi. Niliondoka na deni la franka 38,000 kwa mama mmoja wa sokoni. Nilijiambia "vita ni vita, atasamehe". Mama yangu asingesema hivyo. Juzi nimepata namba yake mpya kupitia binti yake. Nilipompigia, hakutaja pesa kwanza. Aliuliza, "Mwalimu, watoto wako wanakula?" Nimemlipa nusu, nusu nyingine mwisho wa mwezi huu.

Na wewe, ukurasa wako uko katika kaye ya nani?