Maslahi ya nani?

Neno maslahi halipendi kukaa peke yake. Walimu wakidai maslahi, kila mtu anajua ni mshahara na marupurupu. Serikali ikisema inalinda maslahi yake ng'ambo, neno linaanza kufura.

Mnamo Julai 26, 1956, akihutubia mjini Iskandaria, Rais Gamal Abdel Nasser alitangaza kuwa Misri imeitaifisha Kampuni ya Mfereji wa Suez. Habari zilimkuta Waziri Mkuu wa Uingereza, Anthony Eden, akila chakula cha usiku na Mfalme Faisal wa Iraq. Kesho yake baraza la mawaziri liliketi, na kasoro ikaonekana mapema: kisheria, Nasser alikuwa akiwanunua wenye hisa tu. Kampuni ilisajiliwa Misri, na fidia aliahidi. Serikali ya Uingereza ilikuwa na asilimia 44 ya hisa, zilizonunuliwa na Disraeli, waziri mkuu wa wakati huo, mwaka 1875 kwa pauni milioni 4. Lakini hisa zina bei, na bei hulipika. Kwa hoja hiyo huwezi kupeleka manowari. Ndipo yakahitajika maslahi, neno linalobeba mafuta, biashara, heshima ya dola na hofu kwamba Wamisri hawataweza kuuendesha mfereji. Hofu hiyo haikuishi sana. Septemba marubani wa kigeni waliondoka (marubani wa meli, maana kongwe ya neno hilo kabla ndege hazijaliteka), na meli zikaendelea kupita.

Oktoba, Uingereza, Ufaransa na Israeli zilipatana kwa siri huko Sèvres, Ufaransa: Israeli ishambulie Misri, kisha wenzake wawili waingie kama wasuluhishi. Maslahi na suluhu ni ndugu wa mzizi mmoja wa Kiarabu, na sijui pengine ambapo undugu huo ulitumiwa vibaya kiasi hicho. Israeli ilishambulia, na Oktoba 30 "wasuluhishi" wakatoa makataa ya saa 12: kila upande urudi nyuma maili 10 kutoka mferejini. Misri, kwa maneno mengine, iondoke ndani ya ardhi yake. Mabomu yalianza kudondoka siku iliyofuata. Hata hapo Eden alilikwepa neno vita. Bungeni alisema hayo ni mapigano ya silaha, kwani hakuna vita vilivyotangazwa. Waarabu hawakuhangaika na tafsida. Waliyaita udwani wa pande tatu, yaani uchokozi, kutoka mzizi uliotupa adui.

Marekani ilipinga, pauni ikayumba, na usiku wa Novemba 6 mapigano yakasimamishwa. Umoja wa Mataifa ulikuwa umekwisha amua kuunda kikosi chake cha kwanza cha kusimamia usitishaji wa mapigano, kwa pendekezo la Lester Pearson wa Kanada. Wanajeshi wa namna hiyo leo tunawaita walinda amani. Kitenzi ni kile kile cha kulinda, ila safari hii Misri iliombwa ridhaa kwanza.