Ndago ya Nywele Ndefu
Shika bua hili kwa vidole viwili, ulizungushe taratibu. Pembe tatu unazozihisi ni alama ya ndago nyingi. Bua la nyasi kwa kawaida ni la mviringo. Mkulima anaijua ndago kama gugu sugu la shambani, lakini hii, Carex crinita, haina ugomvi na mtu. Ni mwenyeji wa vinamasi vyenye kivuli mashariki mwa Marekani na Kanada, na mizizi yake hushika udongo wa kingo za vijito. Huishi miaka mingi, ikifikia hata kimo cha mita 1.5. Crinita ni Kilatini, “yenye nywele ndefu”: tazama mashuke yanavyoning'inia, kila kigamba kikiwa na unywele unaokwaruza. Mbegu, kila moja ndani ya kifuko chake, huliwa na ndege.