Tajiri Aliyeondoka kwa Huzuni: Andiko Moja katika Karne Nyingi

Mathayo, Marko na Luka, wote watatu, wanasimulia habari ya mtu mwenye mali aliyemjia Yesu akiuliza afanye nini ili aupate uzima wa milele. Amri alikuwa amezishika. Alipoambiwa auze alivyo navyo, awape maskini, kisha amfuate Bwana, aliondoka kwa huzuni. Hakuna fumbo hapo. Hata mtoto wa mafundisho ya kipaimara huelewa akisomewa mara moja. Ugumu upo katika kutenda. Kwa hiyo, historia ya andiko hili kwa sehemu kubwa ni historia ya swali moja: anayeambiwa ni nani? Majibu ya vizazi mbalimbali ndiyo yaliyozaa namna tunavyoisoma Injili leo.

Jibu la kwanza lililoandikwa kwa kirefu lilitoka Misri. Mwishoni mwa karne ya 2, Kanisa la Aleksandria, mji wa bandari na biashara, lilikuwa na waumini matajiri waliohofu kwamba mlango wa mbinguni umefungwa mbele yao. Klementi, mwalimu wa mji huo, aliwaandikia kitabu kizima juu ya tajiri anayeweza kuokoka. Alifundisha kwamba kinachopaswa kutupwa ni uchu wa mali uliomo rohoni. Mali yenyewe ni chombo, na mwenye nacho anaweza kumlisha mwenye njaa. Lilikuwa jibu la busara, maana asiye na kitu hawezi kumsaidia mwenzake. Lakini lilimwacha kila tajiri awe hakimu wa moyo wake mwenyewe, na hakimu wa namna hiyo hakosi huruma.

Haikupita hata karne moja, Misri hiyohiyo ikatoa jibu jingine. Mnamo mwaka 270 kijana Antoni, aliyefiwa na wazazi na kurithi shamba la aruri 300, yaani karibu ekari 200, aliingia kanisani wakati andiko hili likisomwa. Alilipokea kana kwamba limeandikwa kwa ajili yake peke yake. Aliwagawia wanakijiji ardhi yake, akauza vitu vingine, akawapa maskini fedha na kumbakizia dada yake sehemu ndogo. Baadaye akaelekea jangwani. Askofu Atanasi aliandika maisha yake karibu mwaka 357, na habari hiyo ikavuka bahari. Mwaka 386, mjini Milano, Augustino alisimuliwa habari za Antoni katika siku zilezile za kuongoka kwake. Msikilizaji mmoja alikuwa amewaamsha wengine wasiomjua.

Jangwa likazaa monasteri. Katika karne ya 6 Benedikto aliweka kanuni iliyotenga saa za kusoma kila siku na kumkataza mmonaki kumiliki chochote, hata kitabu au kalamu. Katika karne ya 12 Guigo wa Pili, mmonaki Mkartusi, alipanga usomaji huo katika ngazi nne: kusoma, kutafakari, kusali na kumtazama Mungu. Urithi huo ni mkubwa, na hatujautumia wote. Lakini ulikuwa na gharama. Utii kwa andiko ulihesabiwa kuwa kazi ya watawa, huku mkulima na mfanyabiashara wakibaki na amri kumi na zaka.

Mfanyabiashara mmoja alikataa mgawanyo huo. Mnamo mwaka 1173, katika mji wa Lyon, tajiri Waldo alimwuliza mwalimu wa teolojia njia iliyo kamili ya kumfikia Mungu, akajibiwa kwa maneno haya ya Mathayo. Aligawa mali yake, akawalipa wasomi watafsiri Injili katika lugha ya watu wa mtaani, na wafuasi wake wakaanza kuhubiri barabarani. Mwaka 1179 Papa Aleksanda wa Tatu aliusifu ufukara wao, lakini akawazuia kuhubiri bila idhini ya mapadre wa mahali. Hawakutii, na mwaka 1184 wakatengwa na Kanisa. Mwaka 1208 Fransisko wa Asizi na Bernardo, tajiri wa mji huo, walifungua kitabu cha Injili kanisani, wakakutana na andiko lilelile na kulitimiza. Mwaka 1209 Papa Inosenti wa Tatu akawapa kibali. Andiko moja, utii unaofanana, na hatima mbili zinazopishana kwa miaka 25 tu! Tofauti kubwa ilikuwa idhini. Nionavyo mimi, Kanisa lilimkubali Fransisko kwa sababu, pamoja na mengine, lilikuwa limeona hasara ya kumpoteza Waldo.

Matengenezo ya karne ya 16 yaliubomoa ukuta wa monasteri kutoka upande mwingine. Martin Luther, aliyetoa Agano Jipya kwa Kijerumani mwaka 1522, alifundisha kwamba wito wa Kristo humfikia fundi viatu na mama wa nyumbani kazini mwao. Mwaka 1760 John Wesley alitoa mahubiri juu ya fedha, akihimiza watu kuchuma kwa haki, kutunza, kisha kutoa kwa kadiri yote wawezayo. Wengi walishika mawili ya kwanza.

Pwani yetu ililipata andiko kwa Kiswahili kupitia kazi ya Askofu Edward Steere na wenzake Zanzibar, waliojenga kanisa Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa hadi 1873. Agano Jipya lilikamilika mwaka 1879, Biblia nzima mwaka 1891. Ila kulitenda kwa wingi kulikuja na Uamsho ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, hadi Uganda, Burundi, Tanganyika na Kenya. Walokole walitubu hadharani, wakarudisha walivyoiba na kulipa madeni. Walikuwa karibu zaidi na Zakayo, tajiri aliyeahidi kurudisha alichodhulumu, ambaye Luka anamweka sura moja tu baada ya tajiri yule wa huzuni.

Kwa Wakatoliki, mlango ulifunguliwa na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliowahimiza waamini wote mwaka 1965 kusoma Maandiko. Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki, waliokutana Nairobi, wakaamua kujenga Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Kutoka taasisi ya Lumko, Afrika Kusini, zikaja hatua saba za kushirikishana Injili. Katika ya sita kikundi hujiuliza kina kazi gani ya kufanya. Hapo swali la kale linabadilika: anayeambiwa si Antoni peke yake tena, ni majirani wa nyumba kumi au kumi na tano wanaojuana.

Katika mzunguko wa masomo wa miaka mitatu, habari hii kwa Marko husomwa Jumapili ya 28 ya Mwaka B. Ilisomwa tarehe 13 Oktoba 2024 na itarudi 10 Oktoba 2027. Jumuiya nyingi zitaisoma wiki hiyo, na nyingine zitairuka hatua ya sita ziwahi michango na matangazo. Hilo linaniuma, kwa sababu hatua hiyo ndiyo iliyofikiwa kwa kazi ya karne zote hizi. Pale pale kwenye mkeka kuna mwajiri anayemcheleweshea msichana wa kazi mshahara, na kuna shemeji aliyetwaa shamba la mjane. Jumuiya ina majina yao, ina uwezo wa kuteua wawili wa kwenda kuzungumza nao, na inaweza kuwataka walete taarifa wiki inayofuata.